Sita na Sita Si Kumi na Mbili

Hesabu ya mjomba wangu haikuwa na kosa. Gitari ya kawaida ina nyuzi sita, gitari ya kwaya yetu ina kumi na mbili, basi ukienda Bujumbura unanunua paketi mbili. Alivuka mpaka wa Kavimvira asubuhi, akarudi saa nane na paketi mbili zilizofanana kama mayai, na kabla jua halijazama gitari ilikuwa imevaa kamili. Kabla ya siku hiyo ilikuwa imening'inia miaka katika sakristia ikiwa na nyuzi tano tu, zawadi ya padri mmoja mgeni aliyerudi kwao bila kumfundisha mtu yeyote namna ya kuitumia.

Wakati huo mimi nilikuwa Bukavu chuoni, nikisoma fizikia na kugombana na walimu. Niliporudi Uvira na diploma yangu nilipokelewa nyumbani kwa mjomba, mtaa wa Songo, nisubiri kazi. Gitari ilikuwa na mwaka wa tatu katika mavazi yake mapya, na mtaa mzima ulikuwa na maoni juu yake.

"Papa, bati yako imepasuka tena?" jirani muuza makaa aliuliza kutoka ng'ambo ya ukuta kila mjomba alipokaa kwenye baraza kufanya mazoezi.

"Ile iko muziki."

"Aa, pardon. Basi minye ndiyo niko na masikio ya mbuzi."

Jirani hakuwa na roho mbaya, na kusema kweli hakuwa na masikio ya mbuzi pia. Nyuzi za gitari ile hukaa mbili mbili, karibu karibu, na kidole kimoja hubana zote mbili pamoja. Mjomba alizikaza kila mbili katika sauti moja. Nyuzi mbili za unene mmoja, katika sauti moja, zikiachana hata unywele tu, zinagombana. Upepo wa ziwa ukiingia mchana na unyevu wake, zinaachana. Jua likipiga ukuta, zinaachana. Zikipatana pia hazikupendeza sana: zilikuwa nzito, kama wanaume wawili wanaosema neno lile lile kwa wakati mmoja.

Halafu zilikuwa juu mno. Uzito wa nyuzi zile zote ulikuwa umeivuta shingo ya gitari ikapinda kidogo, hata ungeweza kupitisha penseli chini ya nyuzi. Nilijaribu kubana akodi moja nikaacha ngozi pale. Mjomba alishangaa nikilalamika. Yeye ni mwashi. Vidole vyake vimekula saruji miaka ishirini, havisikii kitu.

Siku ya Pasaka gitari iliwapoteza waimbaji katikati ya Utukufu. Sauti ya kwanza ilikwenda na uzi mmoja, sauti ya pili ikaenda na mwenzake, na watu wakacheka kanisani. Siku tatu kabla ya Pentekoste, baada ya mazoezi ya mwisho kanisani kule Rugenge, prezida wa kwaya alimwita mjomba pembeni. Mimi nilikuwa nimekuja kusikiliza, sikuondoka. Prezida ni mama mmoja mwalimu wa shule ya msingi, anasema polepole hata anapokufukuza.

"Papa, hatuna ubaya na weye. Unajua. Lakini comité imeamua. Pentekoste tunakuachia. Kama itarudia vile ya Pasaka, tunaleta sinte, kinanda ya umeme, na gitari inarudi sakristia."

"Na minye?"

"Utaimba na sisi."

Hata yeye aliposema hivyo aliangalia chini, kwa sababu mjomba haimbi. Sauti yake ni ya kuita mafundi walio ghorofa ya pili. Miaka yote tangu kabla sijazaliwa, kwa gitari nyingine kabla ya hii, nafasi yake katika kwaya ilikuwa vidole vyake. Gitari ikiondoka, yeye pia anaondoka, na kila mtu pale alijua, hata kama neno lenyewe halikutamkwa.

Njiani kurudi Songo alisukuma baiskeli yake bila kuipanda. Mimi ni mtu wa kuuliza, na kwa kawaida siwezi kukaa kimya dakika tano, lakini siku ile nilijaribu. Nilifika hadi dakika kama nne.

"Mjomba, nani alikuambia nyuzi zake ziwe sawa?"

"Nani aliniambia? Iko kitu ya kuambiwa? Mbili mbili. Iko mapacha."

"Lakini umeona wapi?"

"Weye, weye! Padri ulimuuliza kama Nuhu alibeba mbu mu safina. Sasa umefika kwa gitari yangu."

Kesho yake, alipokuwa kazini, niliichukua gitari nikaiweka magotini na kuikagua kama mgonjwa. Kule juu ambapo shingo inakutana na kichwa kuna kipande chembamba cha mfupa chenye mikato kumi na miwili. Kila uzi hulala katika mkato wake. Nililegeza nyuzi za upande mnene nikaangalia. Mkato wa kwanza ulikuwa mwembamba. Wa pili mpana. Wa tatu mwembamba, wa nne mpana. Katika ile myembamba, uzi mnene wa mjomba haukuingia. Ulikuwa umekaa juu juu kama mtu mzima kwenye kiti cha mtoto.

Nilihisi furaha ile ninayoipata mara chache, ya kumkamata mtu aliyeacha ushahidi. Fundi aliyetengeneza gitari hii hawezi kukosea kwa zamu. Alikusudia kila jozi iwe na uzi mnene na uzi mwembamba. Na mwembamba uimbe sauti ile ile ya mnene, ila juu zaidi, kama baba na binti yake wakiimba wimbo mmoja: noti haibadiliki, kimo ndicho kinabadilika. Hapo nyuzi hazigombani tena, maana haziko mahali pamoja. Moja inakaa chini, nyingine inakaa darini.

Mjomba alinisikiliza jioni hadi mwisho, akanawa mikono, akasema hapana.

Sikutegemea hapana ya namna ile. Nilitegemea anidai ushahidi, na ushahidi nilikuwa nao. Lakini yeye hakuzungumza juu ya mikato. Alizungumza juu ya mapacha. Mjomba ni baba wa mapacha, mabinti wawili wa darasa la nne, na nyumbani kwake sheria ni moja: ukimpa mmoja, umempa mwingine, kitu kile kile, siku ile ile. Sahani zao ni sawa. Mmoja akinyolewa, wa pili ananyolewa hata kama ana homa. Sheria hii aliipokea kwa mama yake, na mama yake kwa watu wa Rurambo juu kule, na hakuna aliyewahi kumwambia itakuwaje ukiivunja. Anajua tu kuwa si vizuri.

"Mapacha mutu habagui," alisema. "Huyu unamupa kamba nene, huyu unamupa kauzi kama ya kushonea. Kisha unashangaa banaharibika?"

"Mjomba, hii ni mbao na chuma."

"Ndiyo. Na masikio yako iko nyama tu. Lakini unayaosha."

Kutoka jikoni, ambapo mke wake alikuwa akigeuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye mafuta, ikaja sauti. Sisi sote tunamwita Tantine. Ni mtu wa bondeni, wa Ruzizi, na Kirundi chake hutoka kwanza akikasirika.

"Na viatu?"

"Viatu gani?" mjomba akasema, lakini alijua.

"Viatu ya masomo. Kila Septemba unaleta pea mbili, numero moja. Yule mukubwa vidole vyake vimekunjika kama ngumi. Yule mudogo anajaza karatasi mbele, anatembea kama bata. Nasema, nasema, weye unasema ni sheria."

"Iko sheria."

"Sheria ya nani? Kwetu mapacha hata jina habaitwi moja. Anayetangulia anaitwa Bukuru, mukubwa. Anayefuata Butoyi, mudogo. Mungu mwenyewe aliwaleta na numero mbili, weye unataka kumurekebisha na duka ya viatu!"

Mabinti walikuwa mlangoni tayari. Katika nyumba ile mlango hausikilizi peke yake. Yule mdogo aliona nafasi yake.

"Papa, minye vyangu vinabaki nyuma. Nikikimbia ninaviacha."

"Vyangu vinaniuma," akasema mkubwa.

"Tangu lini?"

"Tangu premier, darasa ya kwanza."

Mjomba alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, na nadhani kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliwatazama kwa kimo. Mmoja alimpita mwenzake kichwa kizima. Akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika ukuta, na jirani wa makaa akauliza kwa sauti ni nini.

"Bon," mjomba akaniambia akifuta macho. "Jaribu. Lakini ikiharibika, Pentekoste weye utasimama mbele, utapiga na mudomo."

Hesabu niliifanya nyuma ya karatasi ya mtihani wa zamani. Ilikuwa tamu kuliko mitihani yote. Tukishusha gitari nzima kwa hatua moja ya sauti, shingo ingepumzika, na nyuzi nyingi tulizokuwa nazo tayari zingefaa kuwa wadogo wa nyingine. Ilikuwa ni kuhamisha tu. Nyuzi mbili nene zingekosa kazi. Nyembamba mbili zingepungua, na hizo mjomba alikuwa nazo katika kopo la maziwa, pamoja na misumari na risiti za saruji.

Jumamosi asubuhi, siku moja kabla ya Pentekoste, tulikaa barazani. Yeye alikaza, mimi nilisoma karatasi. Jozi ya kwanza ilipokamilika, mnene na mdogo wake, alipitisha kidole gumba mara moja tu.

Sijui nilieleze vipi. Tulizoea gitari ikisema *bwa*. Sasa ilisema kitu chenye chini na juu, kama kengele iliyofungwa kwenye ngoma. Mjomba aliweka kiganja juu ya nyuzi kuzinyamazisha, kama mtu anayeficha kitu. Kisha akaziachia, akapiga tena.

"Mama," akasema, si kwangu wala kwa Tantine.

Tulikwenda jozi ya pili, ya tatu, ya nne. Aliponionyesha namna anavyozipatanisha niliona aibu kidogo, maana nilikuwa nimejitayarisha kumfundisha. Alichomeka kipande cha kitambaa chini ya uzi mmoja ili unyamaze, akakaza mwenzake, akatoa kitambaa na kusikiliza zote mbili. Zisipolingana kuna mtetemo unaokwenda *wa-wa-wa*, ukikaribia unapungua, *waa, waa*, ukifika unatoweka. Chuoni tuliuandikia milinganyo ukurasa mzima. Yeye anauita kulia. "Ngoja, ingali inalia," anasema, na anageuza ufunguo kiasi ambacho macho hayaoni. Miaka mitatu ya kupigana na nyuzi pinzani ilikuwa imempa masikio ambayo sijayaona kwa mtu mwingine.

Aligundua pia kitu ambacho mimi nisingekigundua, kwa kuwa sipigi. Katika kila jozi uzi mdogo umekaa upande wa juu, kwa hiyo kidole gumba kikishuka kinakutana na mdogo kwanza, kisha mkubwa. Akipiga taratibu sana, mdogo anatangulia kusema na mkubwa anamjibu. "Kumbe haitaki nguvu," alisema. Kwa miaka alikuwa akiipiga kama anayevunja tofali.

Ikabaki jozi mbili za mwisho, zile nyembamba. Hapa ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa kujiamini kabisa. Mkubwa na mdogo, nikasema. Kanuni ni kanuni. Uzi mwembamba kuliko zote unahitaji mdogo wake juu zaidi. Kaza, mjomba.

"Itafika?"

"Kaza."

Alikaza. Uzi ulianza kulia kama mbu. Alinitazama. Nikamwambia bado. Ukakatika *pá*, ukamchapa shavuni, na kuku wote wa Tantine wakaruka ukuta.

Mjomba alijishika shavu. Kisha aliinama, akafuta mfupa ule wa juu kwa kidole chake kikavu, akaangalia mikato minne ya mwisho.

"Njo hapa, madame la physique. Hii minne, iko namna gani?"

Nikaangalia. Ilikuwa sawa, yote minne, myembamba kwa myembamba. Fundi yule alikuwa ameandika na hilo pia. Mimi ninayemdai kila mtu ushahidi nilikagua mikato ya upande mmoja nikaikisia ya upande mwingine, kwa kuwa nilishapenda jibu langu.

"Iko sawa," nikasema.

"Ah bon? Kwa hiyo kuna mapacha banaolingana?"

"Wako. Jozi mbili."

"Sema kwa nguvu, Tantine yako asikie."

"JOZI MBILI ZINALINGANA!"

"Basi msichana iko na kichwa," Tantine akajibu kutoka nyuma ya nyumba akifukuza kuku. "Mume atakayemuoa, tumuombee."

Lakini uzi ulikuwa umekatika, na kopo halikuwa na mwingine. Mpaka wa Kavimvira ulikuwa umefungwa Jumamosi ile, na kwa hiyo Bujumbura haikuwepo. Nilijiona tayari nimesimama mbele ya waumini nikipiga gitari kwa mdomo. Nilimwambia mjomba samahani, na nilikuwa karibu kulia, kwa sababu nilijua vizuri nimevunja nini.

Yeye alikuwa ameshaigeuza baiskeli yake miguu juu. Alifungua kebo ya breki ya mbele, akaikata, akaanza kuisokotoa kwa koleo. Ndani ya kebo kuna nyaya nyingi nyembamba zilizosukwa pamoja, kila mmoja safi na unang'aa.

"Tulipokuwa vijana, nani alikuwa na pesa ya paketi?" alisema. "Gitari zetu zote zilikuwa na freni."

"Na baiskeli?"

"Freni ya nyuma iko. Na mulima nitashuka kwa miguu."

Aliuvuta waya mmoja, akaunyoosha kwa kuupitisha kwenye kitambaa chenye mafuta ya kupikia, akaufunga kitanzi. Hakuuweka pale penye kuvutwa sana. Pale aliweka uzi wa duka, na waya wa breki akauweka jozi ya mwisho, iliyoshushwa, ambapo mvuto ni mdogo zaidi. Hilo hakulisoma kwenye karatasi yangu. Nilihesabu baadaye nikakuta yuko sahihi.

Jumapili kanisa la Rugenge lilijaa hadi nje, watu na mapambo mekundu. Kwaya ilikuwa haijasikia sauti mpya ya gitari. Tulikuwa hatuna siku ya mazoezi iliyobaki. Mjomba aliwaambia neno moja tu: "Leo tunaanza chini kidogo. Munifuate." Prezida alifumba macho kama mtu anayengoja kudungwa sindano.

Wimbo wa kuingia uliwaponyoka mwanzoni, ni lazima niseme ukweli. Waliingia kwa kimo walichozoea, gitari ikawangoja chini, na kwa mistari miwili nilishika kiti kwa mikono yote. Kisha mama mmoja wa sauti ya kwanza akashuka, akaikuta, na nikaona uso wake unafunguka. Kwa miaka alikuwa akipanda kwa shingo. Sasa hapakuhitajika kupanda. Wengine wakamfuata. Mjomba hakuongeza nguvu. Alipiga polepole kuliko nilivyowahi kumsikia, na jozi zile zikajaza nafasi alizoacha.

Wakati wa matoleo mzee mmoja wa mstari wa mbele aligeuka mzima mzima, akitafuta gitari ya pili imekaa wapi. Utukufu tayari ulikuwa umepita bila mtu kupotea. Kwenye shukrani, baada ya komunyo, vigelegele vilianzia upande wa akina mama vikazunguka hadi nje, na watu waliokuwa wamesimama juani walianza kucheza mahali pao. Mimi, nisiyejua kama naamini nusu ya yanayosemwa pale, nilicheza pia. Mwili haukuniuliza.

Baada ya misa prezida alikuja. Mjomba alisimama, gitari kifuani, kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

"Papa," prezida akasema polepole kama kawaida yake, "ile sinte tunaiacha."

"Hapana. Muilete."

"Muilete?"

"Muilete tu. Iko nafasi. Lakini atakayeipiga, mumuambie kwaya hii imeshuka hatua moja. Ashuke naye, atanikuta hapa."

Prezida alicheka, na sijawahi kumwona akicheka kwa sauti kabla wala baadaye. Akarudi kwa waimbaji wake, ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa amevua joho. Mama wa sauti ya kwanza aliuomba wimbo wa matoleo tena, "mara moja tu, tuushike vizuri." Wakauimba mara moja. Wakauimba tena, na mara ya tatu. Watu wa misa ya pili walikuwa wameanza kuingia na kujipangia nafasi, na kwaya yao ilisimama mlangoni na ngoma zake, ikiwa na hasira kwanza, kisha ikipiga makofi. Sakristani alikuja akitikisa kengele ndogo kutufukuza.

"Tunamaliza, tunamaliza," mjomba akamwambia, akaanza ubeti mwingine.